Permis ya Mbogo kwa Jina Yangu

Siku niliacha guichet, ile dirisha ya kuuzishia permis za kuwinda, nilisema mbele ya batu yote ya bureau kwamba hakuna kitu kinaweza tena kunishangaza. Nilisema vile na kifua, na haikuwa uongo. Mutu aliniletea mukia ya mbuzi akaapa kwa mama yake ni ya swala. Soda moja, askari wa jeshi, alifika na bunduki mbili, akalomba permis ya kuwinda samaki ya ziwa kule Kyavinyonge. Pasteur moja alitaka mbogo ya kula ku ndoa ya binti yake, ndoa iko kesho, na mbogo mwenyewe bado hajaalikwa. Yote hiyo niliipokea na uso moja tu.

Nyinyi vijana mwenye kubaki ku guichet mulinilomba niandike ile ninajua. Basi ninaandika. Sikusoma mingi, nilifika mwaka ya tatu tu ya masomo ya primaire. Lakini muulize mu Butembo yote ni nani alijua règlement, ile sheria ya kuwinda nyama kubwa ya pori, kunipita mimi Mumbere. Batawatajia jina moja, na munalijua.

Nilianza na chumvi. Nilikuwa nauzisha chumvi na sabuni ku soko, kisha kartushi za bunduki ya kuwinda, kisha nikajenga magazini yangu, duka yenye mabati ya kweli. Hakuna mujomba aliyenisaidia. Agent wa bureau ya nyama na misitu alikuwa Monsieur Anselme, mutu wa mbali, anaongea Kiswahili kama mwenye kutafuna mufupa. Mvua ilikuwa imekula paa ya bureau yake. Akakuja kunilomba pembe ya kukalia. Nikamupa nusu ya comptoir, meza yangu ya kuuzishia: upande huu kartushi, upande ule permis. Mutu anaingia na mulango moja, ananunua haki ya kuua na kitu cha kuulia, anatoka. Hata Bazungu hawakufikiria hiyo.

Siku ya kwanza aliniachia nijaribu. Mutu murefu alifika, amevaa muzuri, anataka permis ya nyama kubwa. Nikakamata kalamu mbio. Monsieur Anselme akatia mukono yake juu ya karatasi.

"Unaandika nini?"

"Jina yake."

"Umeona bunduki yake?"

"Hapana. Lakini naona viatu yake."

"Viatu haiue mbogo. Arudi na bunduki."

Njo vile nilifundishwa, na njo vile niliwafundisha nyinyi. Permis ya nyama kidogo ni kazi ya dakika: unaona kitambulisho, unalipisha, unatia cachet, ule muhuri wa bureau. Ile ya nyama kubwa nayo inauzishwa palepale ku guichet, haihitaji safari ya Kinshasa, lakini inataka bintu tatu bisimame pamoja mbele yako: mutu, bunduki, na karatasi ya bunduki. Unasoma namba ku chuma, hapana ku karatasi, ju karatasi inajua kudanganya kuliko chuma. Namba ile unaiandika mu permis. Permis moja, nyama moja, msimu moja. Jike mwenye mutoto, hapana. Tembo, hapana, hata akikula shamba ya mama yako. Ndani ya parc, ile hifadhi ya nyama, hapana kabisa. Mbogo mwenye alitoka parc akakuja kulala mu mihogo ya batu, ile unaweza, kama chef wa kijiji ameitika. Mbogo hajue mupaka, lakini mwindaji anapashwa kuujua kwa bawili.

Na kisha kuua, mwindaji analeta mukia. Unakata pembe ya permis na mukasi, unapachika mukia ku musumari. Permis yenye imekatwa pembe imekufa. Magazini yangu ilikuwa na mikia kwenye ukuta muzima, kutoka dirisha mpaka mulango, na ilikuwa inanukia vile inanukia. Bibi yangu Kahindo alikatala kuingia kule. Mimi nilikuwa naona ile ukuta kama diplôme.

Vita ilifika. Monsieur Anselme alifunga valizi yake asubuhi, akanipa cachet ndani ya kitambaa. Nilizani ataniambia neno ya baba kwa mutoto. Alisema tu:

"Mumbere, usiuzishie mutu mwenye hajasimama hapa."

Akapanda lori ya maharagi kwenda upande wa Kanyabayonga. Sikumuona tena. Ile njia ilikuja kukatika, huku serikali ingine, kule serikali ingine, na mutu wa huku hakukuwa anavuka kwenda kule kama hakutafuta kifo.

Ile neno yake niliishika kama amri ya kumi na moja. Commerçant mukubwa, mutu wa biashara, alituma dereva amununulie permis, nikarudisha dereva. Mama moja alilia kwamba bwana yake ni mugonjwa hawezi kutoka Lubero, nikamuambia bwana apone kwanza. Balinisema mu muji. Nilijisikia muzuri.

Sasa muelewe biashara ya permis mu vita. Mwenye bunduki hakuwa na haja ya permis. Mwenye haja ya permis alikuwa amezika bunduki yake chini ya ndizi ju basoda basiione. Basoda benyewe balikuwa bakiwinda na bunduki ya vita, wanapiga kundi muzima, na hakuna aliyeleta mukia. Kartushi zilipotea ku soko. Kahindo alikamata batoto akaenda Kampala kwa kaka yake, alisema ni kwa miezi kidogo. Nilikuwa nimejenga nyumba ya vyumba saba, niwaonyeshe watu. Nilikuwa nalala mu kimoja na kuogopa kufungua zile zingine, ju zinatoa sauti ya nyumba mutupu. Bugali nilikuja kuikulia ku guichet. Pale angalau kulikuwa mikia.

Kwa misimu yote ya vita nilibaki na mununuzi moja. Jina yake ni Paluku, muzee wa mulima ulio juu ya Kyavinyonge, pale mbogo wanapanda kutoka kando ya ziwa. Nilimuita Tata, ni kusema baba, vile kila mutu anamuita, na kwangu kulikuwa na sababu: baba yangu alikufa nikiwa mudogo, na Tata Paluku alikuwa mununuzi wangu tangu wakati ya chumvi. Alikuwa na bunduki moja ya zamani, ya baba yake, kitako kimefungwa na ngozi ya mbogo. Alikuwaka anafika na miguu mbele ya msimu, bunduki ku bega, bidon ya kasiksi ku mukono. Nyinyi mulikunywa kahawa ku bureau; sisi tulikunywa ile pombe ya ndizi, na tulikuwa bawili tu.

Kila msimu alianza na maneno ileile.

"Mwanangu Mumbere, unikatie bei kidogo. Mwaka hii hata mbogo mwenyewe amekonda."

"Tata, prix ni prix."

"Chumvi ulikuwaka unanikatia."

"Chumvi ilikuwa yangu. Permis ni ya Serikali."

"Serikali gani? Nionyeshe nyumba yake, niende kuisalimia."

Kisha anahesabu, analipa yote, anakaa. Sikumukatia hata siku moja. Anakaa mpaka jua inageuka, bunduki inasimama ku mulango kama mutu wa tatu. Tulikuwa tunaongea juu ya nini? Juu ya mbogo. Anakuambia mbogo wa mwaka fulani vile unasema juu ya jirani yenu mubaya. Akienda, nilikuwa nahesabu miezi mpaka msimu ingine, na sijui kama muliwahi kungojea mununuzi vile.

Nilimuuliza mara moja: "Tata, basoda hawanunui, bajirani hawanunui. Mbona weye?"

"Ju ukinikuta mu njia na bunduki, utasema nini?"

"Mwindaji."

"Weye, ndiyo. Soda atasema mutu wa pori, mwasi, na atanipiga risasi mbele ya kuuliza jina. Hii karatasi njo inamulazimisha aulize."

Ile ilikuwa permis yote, vijana. Règlement ingine ni mapambo.

Mwaka moja bakubwa ba Beni, benye kututawala mu vita, bakaamua kwamba permis za nyama kubwa zitauzishwa kwao tu. Guichet ya Beni ilikuwa na Kavira, binti wa kwetu, niliyemufundisha kazi mimi mwenyewe mu magazini yangu kati ya mikia. Alikuwa anafunga pua siku za kwanza, lakini akili ilikuwa wazi. Beni kukatengenezwa cachet mupya, na cachet yangu ikakufa bila kunijulisha. Mimi nilipata habari kwa chauffeur wa lori. Tata Paluku alikuwa tayari mu pori na permis yangu mu mufuko.

Aliua mbogo yake, dume, mu mihogo, chef ameitika, yote sawasawa. Aliuzisha nyama kidogo kidogo mpaka Beni. Ku barrière ya kuingia mu muji basoda bakakuta muzee na bunduki, na mukia ya mbogo, na permis yenye cachet hawajui. Bakamutia cachot, kile chumba cha kufungia batu. Kavira alinitumia neno na mutu wa pikipiki: Tata yako iko ndani, wanasema ni mutu wa pori, kesho wanamupeleka camp ya basoda, ukuje mbio.

Camp munajua. Kulikuwa batu walioingia kule na kutoka. Sikumujua hata moja.

Nilipanda lori ya kwanza. Beni kunatoka joto, mimi nilikuwa nimevaa koti ya Butembo, nikashuka pale kama mutu mwenye homa. Commandant alikuwa kijana, miguu juu ya meza, bunduki ya Tata Paluku imelazwa mbele yake. Nilijitambulisha. Nilimupa règlement yote, kutoka mutu-bunduki-karatasi mpaka mukia. Nilisema vizuri. Sijawahi kusema vizuri vile.

Alisikiliza. Kisha akasema, "Vieux, unasema kama radio. Permis yake ni ya nani?"

"Ni yangu. Cachet yangu."

"Cachet yako imekufa."

"Ilikuwa mzima siku nilitia."

"Hata marehemu alikuwa mzima siku ingine." Basoda bakacheka. Mimi pia ningecheka, siku ingine. "Sikiliza. Namba ya hii bunduki ikuwe mu permis ya hapa, cachet ya hapa, mbele camion ya kubeba bafungwa haijakwenda camp saa kumi. Hapo hii ni bunduki ya kuwinda, na yule ni muzee tu. Kama hapana, ni bunduki ya vita, na yule ni mwenye nayo."

Nilienda kwa Kavira. Guichet yake ilikuwa ndogo, dirisha la mbao, mbele yake hakuna mutu, sawa kwangu. Nilifurahi kumuona mutu niliyemufundisha. Nilisema, "Andika: Paluku, permis ya mbogo. Namba nitakuambia, niko nayo mu kichwa." Ile namba nilikuwa nimeiandika misimu mingi kuliko jina ya batoto yangu.

Kavira alishika kalamu, hakuandika.

"Patron, iko wapi Tata?"

"Unajua iko wapi."

"Basi hajasimama hapa."

"Kavira."

"Weye njo ulinifundisha. Yule mama wa Lubero ulimurudisha, nilikuwa pale. Alilia mpaka kule ku barabara."

"Ile ilikuwa ingine."

"Ilikuwa ingine namna gani?"

Nilimusogezea karatasi. Akasema na sauti ya chini, ile ya mutoto kwa baba, kwamba chef wake anachungulia kila permis, na akikuta jina ya mutu wa cachot, atapasua karatasi na kumuongeza Kavira kule ndani. Nilirudi kwa commandant kulomba Tata Paluku aletwe ku guichet dakika moja, na soda, na kamba kama inahitajika. Alisema prisonnier, mufungwa wake, hatembei soko. Nilirudi tena kwa Kavira. Saa ilikuwa inakwenda.

Njo yeye alisema: "Patron, weye umesimama hapa."

Nilisikia ile neno ikishuka.

"Bunduki ikuwe kwa jina yangu?"

"Karatasi ya kuhamisha bunduki niko nayo, commandant atatia sahihi, ni yeye anaishika. Mutu, bunduki, karatasi. Utamulomba atume soda moja aniletee bunduki nione chuma. Bunduki inaweza kutoka cachot. Mutu, hapana."

"Mimi sijawahi kupiga hata njiwa."

"Règlement haiulize kama unajua kupiga."

Ni kweli. Haiulizi. Soda alileta bunduki, Kavira akasoma namba ku chuma vile nilimufundisha, akaandika jina yangu. Nilimulomba anikatie kidogo. Aliniangalia tu, na aliona haya kwa niaba yangu.

Tata Paluku alitoka mbele ya saa kumi. Alikuwa amevimba jicho moja, kofia yake ilipotea. Commandant alisukuma bunduki kwa upande wangu, hapana kwa upande wake, ju alikuwa anasoma permis. "Kamata bunduki yako, vieux." Niliikamata. Ilikuwa nzito kuliko nilifikiri. Tata Paluku aliona mukono yangu, kisha karatasi, kisha akaangalia inje.

Lori ilitupandisha mpaka kwa baridi. Kisha akasema, "Wasingya, mwanangu." Ile ni aksanti ya kwetu, na aliisema muzuri. Nilianza kumuelezea: msimu ikiisha tutahamisha jina, ni karatasi moja tu, atakuja Beni, atasimama mbele ya Kavira...

"Beni sitarudi."

"Basi itabaki kwa jina yangu, lakini bunduki ni yako. Uende nayo, Tata. Uwinde."

"Kwetu nani anakula kifua ya nyama?"

Nilijua. Kila mutu wa mulima anajua. Kifua inapelekwa kwa mwenye bunduki. Mwenye kuwinda na bunduki ya mwenzake ni mutumishi, anapewa ile mwenye bunduki anaona vizuri kumupa, na anapokea na mikono mbili.

"Mimi sitaki kifua," nikasema.

"Ukikataa, ni mubaya zaidi. Ni kusema unanihurumia." Aligusa ile jicho yenye imevimba. "Baba yangu hakumuwindia mutu. Mimi nilikuita mwanangu. Sasa nitakuletea kifua na mikono mbili?"

Tulifika Butembo. Nilitaka alale, kuko vyumba saba. Alisema atafika kwa jamaa yake ku parking, atapanda na bamama ba samaki kesho. Nilimunyoshea bunduki. Alifunga ile ngozi ya kitako iliyolegea, akaikaza na meno, akapangusa chuma na shati yake. Kisha akaisimamisha ku mulango wa guichet yangu, pale ilikuwaka inasimama, akaenda bila kugeuka.

Msimu iliisha. Nilitayarisha kila karatasi, nikapata hata ruhusa Kavira aje yeye mwenyewe Butembo na cachet, asimame mu magazini yangu, Tata asione Beni. Sijawahi kulombea mutu kitu kama hiyo. Nilituma neno na mama moja mwenye kuuzisha tilapia, anayepita kule juu. Alirudi juma iliyofuata na jibu.

"Anasema uambiwe, mwenye bunduki, kwamba mikono yake imezeeka."

"Anawinda?"

"Anatega mitego mu shamba. Nyama kidogo kidogo, zile za kula mihogo."

"Hakusema ingine?"

"Aliniuliza kama bado unauzisha chumvi."

Mitego hailombe permis. Niliiandika mimi mwenyewe ile kanuni ku ukuta, kwa kalamu ya mukaa, batu basije kunisumbua bure.

Mbele ya kufunga magazini nilishusha mikia yote, nikaichoma nyuma ya nyumba, jirani bakalalamika. Ile ya mwisho, ya dume wa mihogo, commandant alikuwa ameirudisha pamoja na bunduki. Sikuikata permis pembe. Msimu yake iliisha, lakini kwa règlement ya pembe, permis yangu bado ni mzima. Bunduki iko ku mulango, ninaitia mafuta kila mwezi, sijui kwa nini, na mutu akiingia anafikiri niko mwindaji mukubwa. Simukatalii.

Nyinyi vijana mutaniuliza kama ningefanya tena. Munauliza ju hamukuona ile camion ya saa kumi. Ilikwenda, Tata Paluku hakuwa ndani, na kule juu ya Kyavinyonge kuna muzee anayekula mihogo yake jioni. Hiyo ni kazi yangu, na nani mwingine mu Butembo angeiweza.

Hesabu ni hii, ju mulizoea kunisikia nikisema prix ni prix. Permis, dola makumi ine. Timbre ya kubandika ku karatasi, dola mbili. Lori ya kwenda, dola tatu. Kurudi chauffeur hakutulipisha, aliona nimeshika bunduki. Jumla, dola makumi ine na tano.